Mbona gunia limepungua? Tuongee kidogo juu ya kukausha mahindi

Kila msimu sisi wenye draya, yaani mashine ya kukaushia mahindi, tunaulizwa swali lile lile: nimewapa kilo 100, mbona narudishiwa 92, zingine mmepeleka wapi? Jamani, hatujala mahindi ya mtu. Hayo ni maji. Mahindi yakiingia na unyevu wa asilimia 20 alafu tukayashusha mpaka 13.5, ambayo ndio kiwango cha Afrika Mashariki, kwenye kila kilo 100 zinabaki kama 92 na nusu, hiyo ni hesabu tu, na mzani upo, simama mwenyewe uangalie.

Shida yetu hapa Bweyale, Uganda, ni kwamba mahindi ya msimu wa kwanza yakikomaa mvua nayo haijaenda mbali, mtu anaanika kando ya lami, boda zinapita juu, mbuzi nao wanachukua fungu lao, jioni wingu likitanda anakunja turubai anarundika ndani hivyo hivyo mabichi. Ukungu unaanzia hapo, na sumukuvu, yaani sumu inayotokana na huo ukungu, haionekani kwa macho wala haiondoki ukipika posho (ugali). Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa sababu ya hiyo hiyo sumu, siku chache baadaye wakafungua ila kwa masharti, cheti kionyeshe haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Sasa ukifika Busia, mpakani na Kenya, mnunuzi akapima akakuta mabichi, bei anapanga yeye, na lori umeshalipa.

Nyumbani unaweza kujipima. Chukua chupa ya soda iliyokauka vizuri, tia mahindi kidogo na chumvi kavu, funga, tikisa, acha itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo unyevu umepita asilimia 15. Isiponata bado usishangilie, 15 sio 13.5, njoo tukupimie na kipima unyevu, hiyo ni bure.

Draya yetu tunaivuta mpaka kwako, inawaka kwa magunzi yako mwenyewe kwa hiyo ukipukuchua usiyatupe, na tunatoza kwa kilo zinazotoka, sio zilizoingia. Ila tusidanganyane, mashine inatoa maji, sumu ikishaingia haitoi, ndio maana tunasema pigeni simu kabla ya kupukuchua, sio wiki mbili baadaye. Na kama ni ya mbegu tuambie mapema, hayo moto wake hatupitishi nyuzi 43, ukizidi hapo hayaoti.