Daktari wa sayansi na GPA ya mwaka wa pili

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na sijawahi kuwaandikia, hata pale mlipotuwekea chemsha bongo ya Jumamosi yenye majibu ya Jumamosi iliyopita. Lakini ile taarifa yenu ya Siku ya Kimataifa ya Wanawake na Wasichana katika Sayansi imenishinda kuinyamazia. Naanza na picha. Binti mliyemweka juu ya taarifa anachungulia darubini ambayo taa yake haijawashwa, na waya wa umeme umeviringwa kando vizuri kama ilivyotoka dukani. Nilikuwa fundi sanifu maabara katika chuo kikuu kimoja cha umma mpaka nilipostaafu, kwa hiyo mnisamehe kwa kuuona waya kabla ya binti.

Taarifa yenyewe haikuwa na uongo. Ni kweli Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 11 Februari kwa azimio la mwaka 2015. Ni kweli wanawake ni kama theluthi moja tu ya watafiti duniani, kwa takwimu za UNESCO. Ni kweli Samia Skolashipu, ufadhili wa serikali yetu ya Tanzania, tangu mwaka wa masomo 2022/23, inawasomesha vijana waliong'ara katika sayansi kidato cha sita. Hayo nayapokea kwa mikono miwili. Kilichoniudhi ni pale mlipohitimisha kwamba wanasayansi wanawake ni wachache vyuoni kwa sababu wasichana wanaogopa hesabu, hivyo tuzidi kuwahamasisha. Ninaowajua mimi hawaogopi hesabu. Wana PhD, yaani shahada ya uzamivu. Wamefanya utafiti miaka kadhaa baada ya hiyo PhD. Wameshahamasika vya kutosha, wanachotaka sasa ni ajira.

Kuna daktari mmoja, wa PhD si wa hospitali, jina lake nalihifadhi kwa sababu bado anaomba kazi. Nilimpokea maabara akiwa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alijifungua katikati ya muhula, akarudi kufanya mitihani akiwa bado anatembea kwa tahadhari, mama yake mzazi amekaa na kichanga kwenye benchi nje ya ukumbi. Alifaulu masomo yote, ila kwa alama za kawaida, na akamaliza shahada na GPA, yaani wastani wa alama zote, ya 3.6 kati ya 5. Hilo ni daraja la pili la juu, maana kwetu daraja hilo linaanzia 3.5. Baada ya hapo hakuna aliyemkamata: uzamili, uzamivu nje ya nchi, kisha utafiti wa baada ya PhD, na makala ambazo wakubwa wake wamezitumia kupandia vyeo kwa kuwa majina yao yamo. Fungu lake la utafiti ndilo lililonunua mashine ya PCR, ile ya kuzalisha nakala za DNA, iliyopo pale mpaka leo. Mimi ndiye niliyeibandika namba ya mali ya chuo.

Nafasi ya mhadhiri ikatangazwa, fani yake hasa. Hakuitwa hata kwenye usaili. Tangazo lilitaka GPA isiyopungua 3.8 katika shahada ya kwanza, na yeye anayo 3.6, basi. PhD haikusomwa, machapisho hayakusomwa, mashine niliyoitaja haikuulizwa ilitoka wapi. Wiki hiyohiyo mkuu wa idara akampigia simu, aje awafundishe wanafunzi wa uzamili kuchambua data za jenomu, yaani DNA nzima ya kiumbe, kwa kujitolea tu, aisaidie idara. Akaja! Projekta nilimfungia mwenyewe, huku nikiuma meno. Yaani GPA yake haitoshi kulipwa mshahara, lakini inatosha kabisa kufundisha bure. Na wanafunzi walewale anaowafundisha, wakiwa na 3.8 yao ya shahada ya kwanza, ndio watakaokuja kuajiriwa na kumwita mgeni. Nimekaa maabara muda mrefu na nimewaona wenye 4.5 wasiojua kupima mikrolita kumi bila kuita fundi, wala siwacheki, mtu hujifunza. Ninachouliza ni hiki: mtu akishafanya utafiti wake mwenyewe, ukasomwa na wageni wasiomjua, ukachapishwa, alama alizopata akiwa na miaka ishirini na moja zinatuambia nini tusichokijua tayari? Na msidhani sharti hili linawapiga wote sawa. Linampiga aliyejifungua chuoni. Linampiga aliyetoka shule ya kata akamaliza kidato cha nne bila kugusa kopo la kemikali, mwaka wake wa kwanza chuoni ukaisha akijifunza vitu ambavyo wenzake walivikuta sekondari. Linampiga aliyekuwa akiuza vitumbua bwenini kwa sababu mkopo umechelewa. Hao ndio mnaoandika kila Februari kwamba hawaonekani kwenye sayansi! Halafu ongezeni sharti la umri, usiozidi miaka 45 kwa asiye kazini serikalini. Mwanamke aliyesimama kidogo kulea, akasoma uzamivu, akafanya utafiti nje, akirudi ana miaka arobaini na tatu. Hapo saa ya ukuta inamfanyia usaili peke yake. Na chini ya tangazo hilohilo wanaandika kwamba wanawake wanahimizwa kuomba.

Mwandishi wenu alituletea mfano wa Marekani, mpango uitwao MOSAIC wa taasisi za afya za taifa, NIH, wa kuwavusha watafiti wa baada ya PhD kutoka makundi yenye uwakilishi mdogo mpaka wawe wahadhiri. Aliusifu kama vile upo. Mpango huo serikali ya huko iliufuta mwaka 2025, jambo ambalo mngelijua kwa kupekua simu dakika mbili. Lakini alichoacha ni kile chenye faida kwetu, jinsi ulivyofanya kazi. Uliiga ruzuku ya zamani zaidi, K99/R00, iliyoanza mwaka 2006. Mtafiti analipwa hadi miaka miwili akiwa bado chini ya mlezi wake, kisha hadi miaka mitatu mingine akiwa na maabara yake, na hizo fedha za pili hazitoki mpaka apate kazi ya uhadhiri. Kwa hiyo anapoomba kazi anakuja na bajeti mkononi, na chuo kinajua kabisa kinapoteza nini kikimkataa. Wetu naye alikuja na mashine. Tukachukua mashine.

Msiniambie kwamba hata huku ipo misaada. Ipo, na ni mizuri. OWSD, lile shirika la wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea lenye makao Trieste, Italia, hutoa hadi dola 50,000 kwa mwanasayansi mwanamke aliyemaliza PhD ili aanzishe kundi lake la utafiti, ila awe ameajiriwa katika chuo au taasisi ya utafiti. CARTA, mpango wa kuwalea watafiti wa Afrika, iliyoanza mwaka 2008 chini ya APHRC, kituo cha utafiti wa afya na idadi ya watu cha Nairobi, na Chuo Kikuu cha Witwatersrand cha Afrika Kusini, imewanoa wengi, ila inawachukua walio tayari watumishi wa taasisi wanachama. Siwalaumu. Wanadhani nchi imeshamwajiri mtu wake. Ndivyo ilivyo kwetu: pesa za binti anayeanza zipo, za aliyeshaingia zipo, ila pale kati anasimama mtu na PhD yake ndani ya bahasha ya kaki.

Huyu daktari wangu sasa anauza vitendanishi, yaani kemikali za majaribio. Ni wakala wa kampuni inayoleta vifaa vya maabara, na huja na hati ya bei kwenye idara ileile iliyomkataa, anapokelewa kwa chai. Na kwa kuwa nimefika kwenye vitendanishi, hilo nalo mliandike siku moja. Vimeng'enya vinavyotakiwa kukaa kwenye baridi kali vinashuka uwanja wa ndege, vinasubiri kibali, kibali kinasubiri malipo, malipo yanasubiri mtu aliye semina. Barafu inayeyuka. Fundi anaulizwa kwa nini jaribio limekufa. Nimejibu swali hilo mpaka nimestaafu, na jina la fundi silioni hata kwenye ule mstari wa shukrani mwishoni mwa makala zao.

Basi, nipendekeze dawa, maana mhariri mtasema mzee analalamika tu. Kwenye matangazo ya uhadhiri iongezwe sentensi moja: mwombaji mwenye PhD na angalau miaka miwili ya utafiti baada yake, GPA ya shahada ya kwanza isiangaliwe. Kwa kila mtoto aliyezaliwa na mwombaji, umri wa mwisho usogezwe miaka miwili. Kila ndaki ya sayansi itenge nafasi mbili kwa mwaka za watu wa aina hii, na mashine waliyoleta ihesabiwe. Hilo likishindikana, basi sharti la 3.8 libaki kama lilivyo, ila siku ya kuchambua maombi kila profesa aliyeketi kwenye kamati aweke mezani matokeo yake mwenyewe ya mwaka wa pili, yasomwe kwa sauti kabla ya bahasha ya kwanza kufunguliwa. Wa chini ya kiwango atoke nje. Nakala ziwe zimethibitishwa na wakili, kama wanavyotuagiza sisi.

Fundi sanifu mstaafu,
Kibaha, Pwani