Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Karakana Yetu ya Isimani

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana mliofika, kamwene.

Hesabu atazisoma mweka hazina, nami sitamwingilia. Niseme tu kwamba deni la jenereta limekwisha na paa la upande wa mashariki bado linavuja. La paa mnalijua, limo kwenye taarifa hii tangu kabla sijawa mwenyekiti.

Ninalotaka tulizungumze leo ni hoja iliyoletwa kwenye kamati mwezi Agosti, kwamba karakana izungushiwe uzio, wasio mafundi wakae nje, kazi iende kwa utulivu. Walioileta wana haki ya kuogopa. Mliokuwepo siku ile ya kupukuchua mahindi mnakumbuka, na kwa wasiojua, trekta lilikuwa la kwangu. Shafti ya nyuma inayoendesha mashine huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde. Kifuniko chake kilivunjika msimu wa nyuma, nikawa nasema kesho, kesho. Mama yetu alipita kuokota punje, upindo wa kitenge ukanaswa. Bahati kilikuwa kimefungwa kilegevu. Kijana wangu alipozima injini, kitenge chote kilikuwa kimeshajiviringa kwenye chuma, kimekaza kiasi cha kukatwa kwa kisu. Nilikwenda kumwomba radhi nyumbani kwake, na leo naomba radhi mbele yenu.

Pamoja na hayo, uzio siuungi mkono.

Isimani imelima kwa matrekta tangu miaka ya 1950, na wengi wetu tuliojua ufundi tuliujulia kwenye kushika kurunzi. Baba yuko chini ya trekta, wewe unamulika, ukisinzia mwanga unahama na unakula tusi. Hivyo ndivyo nilivyoijua injini ya Perkins ya silinda tatu iliyomo kwenye Massey Ferguson 135, trekta lililoanza kutengenezwa Uingereza mwaka 1964 na ambalo hapa kwetu bado linaamka asubuhi likilima. Kama mtoto angewekewa uzio wakati ule, leo tungekuwa tunasubiri fundi kutoka Iringa mjini kwa kila pini inayokatika, na nauli yake ya kuja na kurudi mnaijua.

Mwezi Oktoba nilisimama mlangoni nikatazama. Mzee mmoja, ambaye macho yamemwishia, alikuwa amekalia tairi bovu akiletewa sahani za plau moja moja. Anainua kwa kamba iliyopita kwenye tundu la katikati, anaigonga kwa nyundo ndogo, anasikiliza. Nzima hulia kama kengele. Yenye ufa hutoa mlio mfupi uliokufa, hata kama ufa wenyewe huuoni kwa uchafu. Alikataa mbili. Wajukuu wakaanza kushindana kutabiri kabla hajasema, na akina mama waliokuwa wakichambua maharage kwenye ungo wakaingia kwenye ubishi. Mwenye plau alikuwa na haraka, lakini naye alibaki mpaka makande yakaiva. Siku hiyohiyo familia mbili zilizokuwa hazisalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba zilikula sahani moja. Sisemi karakana ndiyo iliyowapatanisha. Ila sijui wangekutana wapi kwingine.

Kwa hiyo kamati imechagua njia ya katikati, na naomba mkutano uithibitishe. Tumepaka mstari mwekundu sakafuni, benchi na mafiga yako upande wa mlangoni, vyuma upande wa ndani. Mashine yoyote inayoendeshwa na shafti haitawashwa hapa bila kifuniko, tukianzia na ya mwenyekiti, ambayo sasa ina sanduku la bati lililofungwa kwenye fremu juu na kando zote mbili. Sehemu ya kuchomelea imezungushiwa turubai, kwa sababu watoto hupenda kuutazama ule mwanga, halafu usiku wanalia macho kama yaliyotiwa mchanga. Kofia ya kuchomelea ni ya kuvaliwa, ndugu zangu, si ya kutundika. Binti yetu aliyesomea uchomeleaji chuo cha ufundi cha VETA ndiye msimamizi wa upande huo. Akikwambia toka, toka, hata kama ulimbeba mgongoni.

Ulanzi, pombe yetu ya mianzi, pia hauvuki mstari. Najua unatoka Kilolo, najua ni mtamu ukiwa mbichi. Anywaye akae bencheni na asishike spana.

Jambo la mwisho ni la kila mwaka, na nalisema kwa uchungu. Mvua zetu huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, wala hazisubiri mtu, na plau zinaletwa wingu likishatanda. Safari hii kulikuwa na foleni mpaka barabarani, watu wakagombana kwa beringi. Leteni vyombo Julai. Ni baridi, najua, lakini moto upo na chai ipo, na fundi asiye na haraka hafungi nati kombo.

Sasa nampisha mweka hazina. Baada yake ni chakula. Spana namba 19 haijaonekana tangu mavuno, na aliyenayo anaweza kuiacha juu ya benchi wakati tunanawa mikono. Hatutageuka kuangalia.