Kompyuta ya ofisi kuwa ya gemu: pima boksi na pawa saplai kabla ya kununua kadi

Kadi ya grafiki ndiyo inayonunuliwa kwanza, na ndiyo inayorudishwa dukani. Mara nyingi haina ubovu wowote. Imepelekwa tu kwenye mashine isiyoweza kuipokea: haiingii kwenye boksi, inakosa umeme wa kutosha, au feni zinazunguka huku kioo kikiwa cheusi. Kwa mwenye bajeti ndogo anayeanza na Dell OptiPlex au HP EliteDesk ya mtumba, boksi na pawa saplai ndivyo vinavyoamua kadi, wala si kadi inayoamua vingine.

Anza na umbo la mashine. Jina moja, kwa mfano OptiPlex 7050, huuzwa katika maboksi matatu tofauti. Lile dogo kabisa, Micro, liache: halina sloti ya kadi ya grafiki, na umeme wake unatoka kwenye adapta kama ya laptop. SFF, yaani boksi jembamba, linapokea kadi za kimo kifupi tu, ambazo bati lake la nyuma lina takriban sentimita 8 badala ya 12. Unaponunua kadi ya namna hiyo ikiwa ya mtumba, ulizia bati fupi. Wauzaji wengi huwa wamebaki na lile refu, na bila bati sahihi kadi haifungiki. Angalia pia unene. Ikiwa sloti ndefu, ile ya kadi ya grafiki, iko ubavuni kabisa karibu na pawa saplai, kadi inayochukua nafasi ya sloti mbili haitakaa. Boksi la mnara, MT, ndilo linalotoa uhuru zaidi, na kama bei inakaribiana na ya SFF tunashauri uchukue hilo bila kusita. Humo pima urefu kuanzia ukuta wa nyuma hadi kwenye kizimba cha hadi diski.

Kisha umeme. OptiPlex 7050 ya mnara hutoka kiwandani na pawa saplai ya wati 240, na SFF yake wati 180. Kwa kawaida hizi hazina waya wa pini 6 wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi inategemea sloti peke yake, na sloti inatoa wati 75 basi. Kuna adapta zinazochukua umeme kwenye plagi ya SATA, ile ya kulisha diski, na kuugeuza kuwa pini 6. Usizitumie. Plagi ya SATA imetengenezwa kwa takriban wati 54 kwenye laini ya volti 12, ilhali pini 6 inaruhusiwa kuvuta wati 75. Plagi inapata moto, plastiki inayeyuka, na inaweza kuondoka na mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta.

Kubadilisha pawa saplai nako si rahisi kama kwenye mashine ya kuunga mwenyewe. Dell na HP wa miaka hiyo hawatumii plagi ya kawaida ya pini 24 ya kulisha mazabodi. OptiPlex 9020 ina pini 8, na EliteDesk nyingi zina pini 6. Adapta za plagi hizo zipo, ila matundu ya skrubu na ukubwa wa pawa saplai yenyewe lazima vikubali, na kwenye SFF havikubali.

Kadi zinazoishi ndani ya wati 75 ni chache, na majina yake yanachanganya. GTX 1050 Ti na GTX 1650 ya kawaida zinafaa, ingawa baadhi ya viwanda viliweka tundu la pini 6 kwenye 1650, kwa hiyo tazama kadi yenyewe, usitazame jina. GTX 1650 Super haifai; inakula wati 100. RTX 3050 ya GB 6 inatumia wati 70 na ina matoleo mafupi, lakini RTX 3050 ya GB 8 inahitaji wati 130. Tofauti hiyo ya GB 2 kwenye tangazo imewagharimu wengi.

RX 6400 ni ndogo, nyembamba, na inakula wati 53 tu, hivyo inaonekana kama jibu la SFF. Ina mapungufu mawili. Inatumia njia nne tu za PCIe, yaani sloti inayounganisha kadi na mazabodi, na kwenye mashine za toleo la zamani, PCIe 3.0, kama OptiPlex zote tulizozitaja hapa, kila njia inapitisha nusu ya kiwango ilichokusudiwa. Gemu ikishajaza GB 4 za kumbukumbu ya kadi, picha inaanza kukwamakwama. Pia haina saketi ya kurekodi video, kwa hiyo anayerusha gemu mubashara ataumiza prosesa. Kwa gemu nyepesi haina shida.

Jihadhari na 1050 Ti ya bei ya kutupa. Kuna kadi za zamani, kama GTX 550 Ti, zilizobadilishwa programu ya ndani ili zijitambulishe kwa jina jipya. Fungua programu ya GPU-Z kabla hujalipa. Kadi ya namna hiyo huandikiwa neno FAKE mbele ya jina lake.

Kwenye RAM, mwaka wa mashine hausemi kila kitu. OptiPlex 7040 inatumia DDR4, lakini 3040 na 5040 za kizazi kilekile zinatumia DDR3L ya volti 1.35. RAM za seva zilizoandikwa herufi R baada ya tarakimu za kasi, kama 2400T-R, ni rahisi sana sokoni, ila mashine hizi hazitawaka nazo. Weka vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, maana prosesa inasoma viwili kwa pamoja.

Kuhusu prosesa, soketi kufanana haimaanishi kukubaliana. i5-6500 na i5-8500 zote ni LGA 1151, lakini 8500 haifanyi kazi kwenye OptiPlex 7050. Ukitaka Windows 11 bila ujanja, anza na 7060 au mashine nyingine ya Intel kizazi cha 8. Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na gemu ya Valorant ndani ya Windows 11 inadai TPM 2.0, yaani chipu ya usalama ya kompyuta.

Ukishaweka kadi, waya wa monita utoke kwenye kadi, usitoke kwenye mazabodi. Kadi hizi mpya hazina VGA, hivyo monita ya zamani itahitaji adapta ya kubadilisha HDMI kuwa VGA.

Kabla ya kuja dukani, tutumie picha tatu: stika yenye namba ya modeli, lebo ya pawa saplai, na ndani ya boksi pakiwa wazi huku rula imelazwa kando ya sloti ndefu.