Barua ya wazi kwa waandishi chipukizi wa Dodoma: malizeni kwanza, ndipo mtualike

Wanangu, mbukwenyi.

Nilikuwa nimeamua kunyamaza, lakini la Jumamosi iliyopita limenishinda. Mlinialika kwenye uzinduzi wa kitabu cha mwenzenu, ukumbini hapa mjini. Nikavaa kitenge changu cha kutokea, nikatoa na mchango kama kadi ilivyotaka. MC alikuwepo. Keki yenye umbo la kitabu ilikuwepo. Kamati ilishona sare. Mgeni rasmi akakata utepe, akakabidhiwa kitabu, akakifungua mbele ya kamera ili atusomee aya moja. Ndani kurasa tupu. Jalada lilikuwa limegandishwa juu ya daftari! Mwenzenu akashika kipaza sauti, akasema bila kupepesa macho kwamba huu ni uzinduzi wa jalada, kitabu chenyewe kipo jikoni. Mkapiga makofi. Wengine mkapiga na vigelegele.

Mimi sikupiga. Keki nilikula, maana niliichangia.

Kwa msionifahamu, mimi ni mama niliyezeekea kwenye kuchapa maandishi ya watu. Nilianza na taipureta na stensili maofisini, nikastaafu, nikafungua steshenari Chang'ombe. Siku hizi vijana wangu ndio wanaoendesha mashine ya fotokopi, mimi nimebaki na kompyuta. Si mwandishi, wala sijioni mwandishi. Lakini miswada mingi ya mji huu imepita mikononi mwangu: ya wachungaji, ya wastaafu, ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ya watumishi waliohamia huku na wizara zao. Nikishika kurasa za mwanzo za mtu, mara nyingi najua kama atarudi na zilizobaki au hatarudi. Na nawaambia ukweli, wanaorudi si wale wenye vipaji vikubwa. Wenye vipaji ndio wanaonisumbua.

Ugonjwa wenu ni kufanya ya mwisho kwanza. Mtu hajaandika sura ya pili, ameshamlipa kijana wa kumchorea jalada. Kuna binti alikuja kuniuliza namba ya ISBN, ile ya kutambulisha kitabu, inapatikanaje. Nikamwelekeza vizuri tu kwamba hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, kisha nikamuuliza kitabu kina kurasa ngapi. Akanijibu, "Inategemea, mama." Inategemea nini? Kitabu hakipo, namba ya nini? Na kila akiweka jalada lake kwenye statasi, watu wanamwandikia hongera, hongera, tunasubiri. Sasa mtu aliyekwisha kupongezwa atakaa chini usiku na mbu kwa ajili gani? Hongera ameshaipata, na hakuivujia jasho.

Yupo mwingine kati yenu, simtaji, anajijua. Ana shahada, Kiswahili chake kimenyooka, na ana hadithi nzuri kwelikweli ya kijana anayetoka Bahi kwenda Dar kumtafuta baba yake. Aliniletea sura ya kwanza wakati treni ya umeme bado haijaanza kufika huku kwetu. Sentensi ya kwanza ilisema, "Jua lilikuwa linazama." Baada ya muda akarudi, tuandike "Jua lilikuwa likizama." Nikabadili. Akarudi tena, iwe "Jua lilizama." Kisha akaona jua limeshatumiwa mno na waandishi wengine, tukalitoa, tukaweka vumbi. Vumbi likakaa mpaka naye akalichoka, jua likarudi. Kwenye kompyuta yangu mna faili linaloitwa Sura ya Kwanza Mpya, lingine Sura ya Kwanza Mpya Kabisa, na lingine Sura ya Kwanza ya Mwisho Safari Hii. Treni imezinduliwa 2024, watu wanakwenda Dar chini ya saa nne, na yule kijana wa kwenye hadithi mpaka leo yuko stendi ya Nanenane anasubiri basi.

Pesa yake ya kuchapa napokea, ndiyo kazi yangu. Lakini inaniuma, kwa sababu huyu si mvivu. Mvivu ningemjua. Huyu anafanya kazi kila jioni, anachoka, analala dhamiri yake ikiwa safi kwamba leo ameshughulikia kitabu. Hapo ndipo penye hatari, wanangu. Mtu anayeahirisha huku anaangalia mpira anajua anaahirisha. Anayeahirisha kwa kurekebisha sentensi moja hajui, na hakuna wa kumwambia, maana kila akionekana, ameinamia karatasi.

Na hata kile anachorekebisha hatakitumia. Hebu fikirini. Bado hajajua kama yule baba atapatikana, au amekufa, au ana familia nyingine Mbagala na hataki kuonekana. Siku akijua, sura ya kwanza lazima ibadilike, jua lizame lisizame. Sura ya kwanza hunyooka ukishaandika ya mwisho. Kuisugua sasa ni kupaka rangi nyumba ambayo haijaezekwa.

Sasa niwape habari za mwingine. Huyu alikuwa mlinzi wa usiku kwenye ghala moja huko Kizota, elimu yake darasa la saba. Aliniletea kaunta buku zimefungwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli, zimejaa mpaka kwenye majalada. Alikuwa ameandika habari za utoto wake, jinsi familia yao ilivyohamishwa kwenye Operesheni Dodoma, ile ya vijiji vya ujamaa, mwaka 1971, wakaiacha tembe yao na mbuyu wao, wakapangwa kwenye kijiji kipya na watu wasiowajua. Nilipoanza kuchapa nilicheka peke yangu. Mjomba wake alikuwa na jina moja mwanzoni, katikati akapata jingine. Ng'ombe mmoja alikufa ukurasa wa arobaini, ukurasa wa sabini anakamuliwa. Palipomshinda aliandika, "Hapa baba na mjomba wanagombana, maneno nitayakumbuka," akaruka mstari, akaendelea na siku iliyofuata. Herufi kubwa na ndogo hazikujuana kabisa. Lakini kwenye daftari la mwisho, chini kabisa, palikuwa pameandikwa MWISHO, na amepiga mistari miwili chini yake kwa rula.

Nikamchapia vilevile, na makosa yake yote. Akachukua zile karatasi, akakaa nazo ghalani usiku kwa usiku, akarudi zimejaa kalamu pembeni. Ameamua ng'ombe afe mara moja. Ugomvi wa baba na mjomba ameukumbuka, na nawaambieni, ni kurasa nilizozichapa nikisimamasimama. Yale maneno yasingemjia kama angekaa kuyasubiri mwaka ule alipokwama. Yalimjia kwa sababu alikuwa ameshaandika yaliyotokea baadaye, akajua ule ugomvi ulizaa nini. Kitabu chake si kikubwa. Tulikitoa nakala chache za fotokopi, tukazifunga kwa spairo, wakagawana ukoo mzima. Nimeona vitabu vya kiwandani visivyosomwa hata hivyo.

Kwa hiyo rasimu ya kwanza iwe mbaya. Nasema iwe mbaya, si iwe nzuri kidogo. Mhariri akipata mswada mbaya ana pa kushika. Akipata jalada atafanya nini?

Najua kwa nini mnauogopa ubaya, na hapo siwalaumu ninyi peke yenu. Mmekulia shule ambazo mtoto akiandika insha anarudishiwa karatasi ina wino mwekundu kila mstari, hapa herufi, hapa mkato, na hadithi aliyoisimulia haina aliyeisema neno. Mtoto wa namna hiyo akikua, kila akishika kalamu anamwona mwalimu kasimama nyuma ya bega. Tumewafundisha watu kutokosea, hatukuwafundisha kumaliza.

Tuje kwenye hesabu, maana mnapenda kusema kitabu ni kirefu. Riwaya ya maneno 40,000 kwa Kiswahili ni kitabu cha heshima. Kiswahili kinabana, jamani, "hatukuwafundisha" ni neno moja. Andika maneno 250 kwa siku, ni ukurasa mmoja wa mwandiko wa kawaida. Siku sita kwa wiki, Jumapili nenda kanisani, au kama wewe ni wa msikitini, pumzika Ijumaa. Hiyo ni 1,500 kwa wiki. Wiki ishirini na saba mswada umeisha. Ukianza mvua za Desemba zikishika, watu wanapovuna mtama na wewe unaandika MWISHO. Maneno 250 ni machache kuliko mnayoandikiana kwenye kundi la WhatsApp mkibishana nani aitwe mwandishi na nani asiitwe.

Mengine nayasema kwa kifupi, myachukue au myaache. Andika saa ileile kila siku, saa kumi na moja alfajiri ni nzuri kwa sababu hakuna anayekutaka. Simu ibaki chumba kingine. Usisome ya jana zaidi ya aya moja. Ukisahau jina la mtu au mwaka, weka nyota, endelea, utaangalia baadaye. Simamisha kazi ukiwa bado unajua kinachofuata, usingoje mpaka ukauke. Usimsimulie mtu hadithi kijiweni, itaishia hapo. Kila Jumamosi jitumie nakala kwenye barua pepe, flashi zinakufa bila kuaga, nimeshaona watu wazima wakilia dukani kwangu.

Msiniambie haraka haraka haina baraka. Ukurasa mmoja kwa siku una haraka gani?

Wala msiniambie kazi inawabana. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya mkoloni karibu maisha yake yote ya kazi, alihamishwa huku na huku, akafika mpaka Mpwapwa, mkoani kwetu hapahapa. Alifariki 1962 akiwa na miaka 53 tu, na kazi alizoacha mnazijua. Hakuwa na laptopu wala likizo ya uandishi. Ninyi mkipanda ile treni mna saa tatu na ushee za kukaa kitini, hakuna anayewapigia kelele, na bado mnashuka Dar daftari likiwa jeupe.

Ila wapo ambao kweli wamebanwa, na nao nataka niseme nao polepole. Nina mteja wangu, mama kijana mwenye pacha. Anaandika kwenye simu usiku akinyonyesha, kidole gumba kimoja, ananitumia vipande kwa WhatsApp niviunganishe. Mumewe akimuuliza anachati na nani, anamwambia na mimi, na si uongo. Mwanangu, wewe usihesabu maneno 250. Ukipata 60 ni sawa. Uko sura ya saba, na umewapita wote waliokuwa ukumbini siku ile.

Na hapa nawageukia waliochanga. Sisi watu wa michango tuna ajabu yetu. Kicheni pati tunachanga, sendofu tunachanga, uzinduzi wa jalada tunachanga na sare tunashona. Lakini nani aliwahi kumwambia yule mama, nipe hao watoto Jumamosi mbili kwa mwezi, nenda kaandike? Hakuna, kwa sababu hapo hapana picha ya kupiga. Dada anafua, kaka anaandika, na dada akiandika tunauliza kama nyumbani kumeshapikwa. Waume nao wasome barua hii. Asubuhi na mapema, chai unaweza kuchemsha mwenyewe.

Ndugu wa jalada, hasira yangu kwako si kubwa kama inavyosomeka. Aibu uliyoipata mgeni rasmi alipofungua daftari niliiona usoni kwako kabla hujashika kipaza sauti. Usiifunike kwa uzinduzi mwingine. Lile daftari lina kurasa tupu, jalada tayari linalo, basi andika humohumo. Zima statasi. Tukikuuliza kitabu kimefikia wapi, sema hakuna kitabu, tuachane.

Na ninyi wengine, sikilizeni bei zangu mpya. Kuanzia mwezi ujao, atakayeniletea mswada wenye mwanzo na mwisho, hata kama umeandikwa kwa penseli, hata kama ng'ombe amekufa mara tatu, nitamchapia bure, karatasi tu ndizo atalipia. Anayeleta sura ya kwanza kurekebisha atalipa mara mbili. Aliye na kijana stendi ya Nanenane ana mpaka Pasaka ampandishe basi, la sivyo mafaili yake matatu nayafuta, na hilo nimeshawaambia vijana wa dukani.

Mama yenu wa steshenari,
Chang'ombe, Dodoma