Barua ya wazi kwa kiongozi wetu: Mayai ya kasa wa Maziwe yana daftari, sisi hatuna

Mheshimiwa,

Salamu kutoka Pangani, na pole kwa majukumu.

Jina lako siliandiki, wala cheo chako. Unajijua na sisi tunakujua, maana mwaka juzi ulikuja ukakaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mkungu pale ufukweni, ukatusikiliza kuanzia alasiri mpaka karibu na magharibi. Nilikuwa mstari wa pili, nimevaa kanga ya njano. Wiki ile vijana wanne walikuwa wamepotea baharini usiku kucha, wakarudi wenyewe kwa kupiga makasia. Ulisimama ukasema boti ya uokoaji itakuja, gati dogo litajengwa, na saa za maji zitaandikwa ubaoni kila asubuhi ili kila anayepanda chombo azione. Ulisema kabla ya Ramadhani. Tumeshafunga Ramadhani mbili, Mheshimiwa.

Sikutaka kuandika haya mbele ya watu. Nimengoja siku 11 tangu yatupate yaliyotupata Maziwe, kile kisiwa cha mchanga mbele yetu, boti ilipotukwamia, nikitumaini utatuma japo mtu mmoja wa kuja kuuliza. Hajaja.

Mimi ni katibu wa kikoba cha wanawake 16. Wamo wauza samaki wa kukaanga, wamo washona nguo, wawili ni walimu, mmoja ana genge karibu na kivuko cha kwenda Bweni. Kwa wiki 40 kila mmoja alitoa shilingi 2,000 nje ya hisa zake kwa jambo moja tu, kwenda kushinda Maziwe kutwa nzima. Watu wa mbali watashangaa. Sisi tumezaliwa hapa, na wageni wanavuka bahari na mabara kuja kuukanyaga mchanga ule, lakini kati yetu ni mmoja tu aliyewahi kufika, na alifika akiwa mtoto, kachukuliwa na babake aliyekuwa mvuvi. Huyo ndiye bi mkubwa wetu. Ndiye aliyetusimulia kwamba zamani palikuwa na mivinje mirefu na watu walilala kivulini mchana. Kweli, mpaka miaka ya 1970 miti ilikuwepo. Leo hakuna hata jani. Kuna wanaosema ilikatwa, kuna wanaosema bahari imepanda. Mimi naona yote mawili, maana mchanga usio na mizizi hauna wa kuushika. Kilichobaki ni fungu jeupe lililozungukwa na matumbawe, kama kilomita 8 kutoka ufuo wa Ushongo. Maji yakipwa, fungu linaonekana. Maji yakijaa siku za bamvua, zile ambazo bahari hujaa kupita kawaida, kisiwa hakipo.

Maneno hayo mawili, kisiwa hakipo, naomba uyasome tena.

Tulitoka saa 2 asubuhi. Wanawake 16, watoto 6, nahodha na baharia wake, jumla watu 24. Jaketi okozi zilikuwa 9, na mbili kati ya hizo hazikuwa na mikanda. Nilizihesabu nikiwa nimeshakaa, na kosa langu liko hapo, nalikiri: nilihesabu nikanyamaza. Wenzangu walikuwa wanaimba, sikutaka kuwakatia raha.

Na raha tuliipata, sitaki kuificha. Sijawahi kuona maji kama yale. Unasimama yamekufika kiunoni na kucha za miguu unaziona. Watoto walikuwa wakihesabu viti vya pweza, wale wenye umbo la nyota, mchangani, binti yangu wa miaka 9 akafika 31 akapotewa na hesabu, akaanza upya. Tulifunga turubai kwenye makasia tukapata kivuli, tukapakua pilau, tukachoma samaki changu, tukala na achari ya embe. Bi mkubwa alipiga magoti akachota mchanga akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Alisema nikifa mniwekee. Tulicheka wakati ule.

Mwezi ulikuwa wa siku 16. Mtu wa pwani ukimwambia hivyo huhitaji kumwambia zaidi, ni bamvua. Maji yalikupwa saa 4 na nusu asubuhi, kwa hiyo yangejaa saa 10 na nusu jioni. Nahodha alijua, alituambia mapema kwamba saa 7 lazima tung'oe nanga. Saa 7 masufuria yalikuwa yamekwishapangwa ndani ya boti. Mashine haikuwaka.

Mimi naamini ni petroli. Inauzwa kwenye vidumu na inachanganywa, kila mtu mtaani anajua. Au ni mashine yenyewe imechoka, maana waliivuta kamba mpaka viganja vya baharia vikachubuka. Simlaumu nahodha peke yake. Chombo kile hubeba watu, na siku ile hakuna mtu aliyekuja kukitazama kabla hakijatoka, na siku moja kabla hakuna, na sijui nani amewahi kumwona mtu huyo.

Saa 8 mchanga ulikuwa bado mkubwa kama kiwanja cha mpira. Saa 9 ulikuwa kama ukumbi wa harusi. Baadaye kidogo ukawa kama mkeka wa watu sita, na sisi tumesimama juu yake tumeshika watoto, tukiliangalia wimbi linakuja upande huu na jingine upande ule na yanakutana miguuni mwetu. Tukapanda botini wote. Saa 10 na nusu tulikuwa watu 24 katikati ya bahari, tumefunga nanga juu ya kisiwa ambacho asubuhi tulikuwa tunakikimbilia. Kusi, upepo wa kutoka kusini, lilikuwa la mwisho mwisho lakini jioni lilivuma kwa hasira. Nanga ikaanza kukokota. Tukawa tunaburutwa kuelekea kaskazini, kule ambako hakuna mchanga mwingine wa kusimama.

Bi mkubwa ana kisukari. Dawa yake ya jioni ilikuwa nyumbani, kwa sababu jioni tulitarajia kuwa nyumbani. Nilimlaza kichwa chake mapajani pangu, nikamlambisha soda iliyobaki. Binti yangu alikuwa amevaa jaketi moja kati ya zile zisizo na mikanda, nimeifunga kwa kilemba changu. Aliniuliza mara moja tu, mama, wanajua tuko huku? Sikumjibu.

Swali hilo ndilo nimekuletea, Mheshimiwa. Nani alikuwa anajua tuko kule?

Simu iliyokuwa na chaji na mtandao ilikuwa moja. Nilimpata mtoto wa dada yangu, ni bodaboda. Aliacha abiria wake njiani akaenda ufukweni, akaenda huku, akaenda kule, na kila aliyemuuliza alimwelekeza kwa mwingine. Si kwamba walikuwa wabaya. Kila mmoja alikuwa na kazi yake, na kutujua sisi haikuwa kazi ya mtu yeyote. Walimuuliza mko wangapi, akasema hajui. Walimuuliza mmetoka saa ngapi, akasema hajui. Waliuliza boti gani, rangi gani. Kijana wa watu analia barabarani na helmeti kichwani. Kisha simu yangu ikaingia maji.

Tuliokolewa na wavuvi wa nyavu za jarife waliokuwa wanakwenda kutega. Walituona kwa mbalamwezi. Usiku wa mwezi mpevu kama ule wavuvi wa dagaa hawatoki, kwa hiyo chombo kile kilikuwa peke yake kwenye maji yale, na kama wangechelewa kula chakula chao cha usiku tungepishana. Walitufunga kamba wakatuvuta kwa muda wa saa mbili na zaidi. Tulipofika maji yalikuwa yamekupwa tena, boti haikuweza kukaribia, tukashuka kwenye tope mpaka magotini, tumembeba bi mkubwa wanawake wanne. Ilikuwa karibu saa 5 usiku. Pale ndipo lilipotakiwa kuwa gati.

Tangu siku hiyo bi mkubwa hajatoka ndani. Kidonda kimemtoka unyayoni, pale alipokatwa na gome la chaza kwenye tope, na mguu wa mwenye kisukari unajulikana. Mimi nina presha ambayo sikuwa nayo. Simu imekufa na majina yote ya wateja wangu wa maandazi. Wanachama watano wametoa hisa zao, kikoba kimebaki mabaki. Mume wa mmoja alikuja mlangoni kwangu saa 12 asubuhi kuniuliza nilitaka kumuulia mkewe, nikakosa la kusema, kwa kuwa mimi ndiye niliyeipanga safari. Na binti yangu, mtoto wa Pangani, aliyejifunza kuogelea kabla hajajua kusoma, sasa hataki kupanda hata kivuko. Shangazi yake yuko Bweni, anatuona ng'ambo ya mto, na mtoto haendi. Usiku anaamka ananishika mkono, anauhesabu vidole.

Sasa nisikilize hapa, kwa sababu hapa ndipo ninapoumia zaidi.

Kasa hupanda Maziwe usiku kutaga. Kwa kuwa kisiwa hufunikwa na maji, mayai yakiachwa pale yanaharibika. Basi wapo vijana wetu wanaokwenda, wanafukua kiota kwa mikono, wanayabeba mayai, mara nyingi zaidi ya 100 kwa kiota kimoja, wanayavusha mpaka Ushongo na kuyafukia upya mahali pasipofikiwa na maji. Wanaandika tarehe. Wanaandika idadi. Baada ya siku 50 hivi, mpaka 60, wanakuwa pale wanangoja vitoto vitoke vikimbilie baharini. Nawaheshimu kwa kazi hiyo, na naomba isikome kamwe. Mwaka jana nilimpeleka binti yangu kutazama, akashangilia mpaka sauti ikamkauka. Lakini niliposhuka kwenye tope usiku ule niliwaza hivi: yai la kasa likiwa Maziwe, yupo mtu anayejua liko pale, anajua maji yatajaa lini, na anakwenda kulitoa kabla. Sisi tulikuwa 24.

Pwani yote inakumbuka tarehe 10 Septemba 2011, MV Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kwenda Pemba. Tunao ndugu walioondoka na meli ile. Hadi leo hesabu za waliokuwemo zinapishana, na kuna wazazi wanaojua kwamba mtoto wao hayupo kwenye karatasi yoyote, si ya waliopona, si ya waliozikwa. Mwaka uliofuata, Julai 2012, ikazama MV Skagit. Hizo ni meli. Boti ya kwenda kisiwani kutwa moja na kurudi ni kitu kidogo, nakubali. Ila maji ni yale yale.

Nilikuwa nimeandika madai mengi. Gati, tena gati uliloahidi. Boti ya uokoaji yenye mashine mbili. Jaketi kwa kila abiria na za watoto kwa vipimo vyao. Ukaguzi. Redio ya mawasiliano. Ubao wa saa za maji. Petroli ya uhakika. Nikaandika na kivuli cha kungojea, kwa sababu jua linatuchoma pale. Nimeyasoma nikaona utayapokea kama ulivyoyapokea yale ya mwaka juzi, yataingia kwenye bajeti, na bajeti itangoja bajeti. Yote nayataka bado. Gati nalitaka. Boti naitaka. Usidhani nimesamehe.

Na tafadhali, usije ukafunga safari. Najua ndivyo inavyofanywa kukitokea jambo, linatoka katazo na kazi inaisha. Manahodha wa hapa wanalisha familia kwa safari hizo, na vijana wanaopika samaki, na wanaobeba mizigo. Tena sisi pia tuna haki ya kwenda. Wageni waende na sisi wenyeji tukatazwe, hapana. Nataka kurudi Maziwe. Nataka binti yangu amalize kuhesabu.

Ninachokuomba sasa ni mtu mmoja. Mtu mmoja akae ufukweni na daftari. Chombo kikitoka, aandike jina la chombo, jina la nahodha, watu wangapi, watoto wangapi, jaketi ngapi, wanakwenda wapi na wanarudi saa ngapi. Aangalie na mwezi, aandike maji yanajaa lini. Ikifika saa 11 jioni alifungue daftari, na kama kuna mstari ambao watu wake hawajarudi, awe na simu ya kumpigia mtu ambaye ni kazi yake kupokea. Ni hayo. Mtu huyo ana mshahara mdogo kuliko mafuta ya msafara wako uliokuja nao mwaka juzi, magari yalikuwa sita, niliyahesabu pia.

Daftari nimekwishanunua. Ni kaunta buku ya kwaya tatu, iko nyumbani kwangu juu ya kabati. Ukurasa wa kwanza nimeandika majina yetu 24, saa tuliyotoka na saa tuliyorudi. Kurasa nyingine ni nyeupe.

Kikao cha wanakikoba waliobaki ni Jumapili baada ya alasiri, chini ya ule ule mkungu. Kiti chako tutakiweka. Ukishindwa kuja, mtume huyo mtu, nimkabidhi daftari.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu wa kikoba,
Pangani, Tanga.