Barua ya wazi kwa vijana wanaoandaa kitanda cha mtoto wakasahau chakula cha mama yake

Wanangu wapendwa,

Wiki iliyopita nilikaribishwa na vijana wawili, mume na mke, wanaotarajia mtoto wao wa kwanza, nikapelekwa kwa fahari kuona chumba walichomwandalia. Kitanda kilikuwa kimeshatandikwa, mapazia yametundikwa, na nguo ndogo zimekunjwa vizuri ndani ya droo. Niliivuta droo ile ili nizishike nguo, kwa kuwa mkunga hata akistaafu hawezi kuona nguo ya kichanga asiiguse, na chini ya soksi nikakuta vidonge vya kuongeza damu ambavyo mama alipewa kliniki, pakiti juu ya pakiti, bila hata kimoja kutobolewa. Mimba ilikuwa ya miezi saba. Mama aliinamisha uso, akasema vinamtia kichefuchefu. Baba, ambaye muda mfupi kabla alikuwa amenieleza kwa kirefu jinsi mbao za kitanda zilivyochaguliwa na kupigwa msasa, hakujua hata kama vidonge hivyo vipo.

Pale sikusema neno kali, maana mama mjamzito hagombezwi mbele ya mgeni. Lakini tangu siku hiyo sijatulia, kwa sababu droo kama ile nimeiona mara nyingi mno katika maisha yangu ya kazi.

Mtoto anakihitaji kitanda akishazaliwa. Ubongo wake huanza kujengwa wakati ambapo ninyi wawili hamjui kama yupo. Mrija mdogo ambao baadaye huwa ubongo na uti wa mgongo hufunga kwa takriban siku 28 baada ya mimba kutungwa, yaani pale mama anapokuwa amechelewa siku zake kwa majuma mawili tu na pengine anadhani ni uchovu. Usipofunga sawasawa, mtoto huweza kuzaliwa na mgongo wazi, au fuvu na ubongo visikamilike. Mwaka 1991 watafiti wa Uingereza walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa katika nchi 7, kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye tatizo hilo, na ikaonekana kwamba asidi ya foliki, yaani aina ya vitamini B, iliyoanza kutumiwa kabla ya mimba ilizuia karibu asilimia 72 ya matukio ya kujirudia. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linashauri mwanamke anayetafuta mtoto ameze mikrogramu 400 kila siku, tangu anapoanza kutafuta hadi juma la 12 la mimba. Nimewapokea wanawake wengi wakija kliniki kwa mara ya kwanza wakiwa na miezi minne au mitano, wakipewa kidonge hicho kwa upole, nami moyoni nikijua kwamba mlango kiliokusudiwa kuulinda ulikuwa umeshafungwa zamani. Mboga za majani na maharage vina foliki, navyo viliwe kwa wingi, lakini visichukuliwe kuwa mbadala wa kidonge.

Sasa nirudi kwenye droo. Madini ya chuma yaliyomo katika vidonge vile hayaongezi damu ya mama peke yake, bali ubongo wa mtoto huyatumia kutengeneza utando unaozifunika nyuzi za neva ili ujumbe upite kwa kasi. Kichefuchefu ni kweli, wala si deko. Kidonge kimezwe usiku kabla ya kulala, kwa maji na si kwa chai, kwa kuwa chai na kahawa huzuia chuma kufyonzwa, ilhali tunda lenye vitamini C hukisaidia. Choo kikiwa cheusi, mama asiogope. Akishindwa kabisa, amweleze muuguzi ili abadilishiwe, na mume awe ameketi hapo hapo akisikiliza.

Yaliyobaki nayataja kwa ufupi. Chumvi iwe yenye madini joto, kwa sababu katika miezi ya mwanzo mtoto hutegemea homoni ya tezi ya shingoni mwa mama yake, na upungufu wa madini hayo hudumaza akili. Mayai yana kolini, kirutubisho kinachousaidia ubongo kukua, na samaki wana mafuta yanayojenga ubongo, ila wale wakubwa wanaowinda wenzao, kama papa, waepukwe kwa ajili ya zebaki. Pombe isiguswe, kwani hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama.

Lipo jambo linaloniumiza kuliko droo. Mtoto akizaliwa na kasoro, jamii humgeukia mama na kumuuliza alikula nini, ilhali katika nyumba hiyo hiyo yeye ndiye aliyepakua wa mwisho, akakwangua chungu baada ya wote kushiba. Na kina mama waliozaa mtoto mwenye ulemavu wasisome barua hii kama hukumu: ziko kasoro nyingi zisizotokana na chakula, na nimewaona waliofuata kila shauri na bado zikawafika.

Ninyi mnaotarajia kuwa akina baba, leo usiku mwulizeni mwenzenu vidonge viko wapi. Mkivikuta kwenye droo, msimkaripie. Leteni maji, kaeni naye hadi ameze, na kesho mhakikishe anapakua pamoja na wengine.

Mama yenu,
Mkunga mstaafu