Soko la Jumuiya lisifungwe kwa barua ya siku moja

Mhariri,

Kila wakuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki wanapokutana tunaambiwa kwamba biashara ikishakua, shirikisho la kisiasa litakuja lenyewe. Naomba nafasi nipinge. Sisi tunaouza nafaka hapa Namanga, mpakani upande wa Tanzania, tumeona serikali zikilizima soko kwa siku moja, na soko halikuwa na pa kulalamikia.

Machi 5, 2021, barua ya mamlaka ya kilimo ya Kenya kwenda kwa watu wa forodha ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, ile sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Malori yaliyokuwa yamekwisha kupakiwa yakapanga foleni upande wetu, magunia chini ya turubai na mvua za masika zinanukia. Dereva anadai posho, mnunuzi wa Nairobi hapokei tena simu, na mzigo wenyewe umenunuliwa kwa mkopo. Siku tano baadaye zuio likageuzwa kuwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na kila shehena iwe na cheti cha kuonyesha kuwa sumukuvu iko chini ya sehemu 10 kwa bilioni. Masharti hayo nayaunga mkono kabisa, kwa maana sumukuvu inaua. Ila kama yaliweza kuandikwa kwa siku tano, kwa nini hayakutangulia?

Wala si Kenya peke yake. Mwaka 2017 serikali yetu iliteketeza vifaranga 6,400 vilivyokamatwa vikitoka Kenya. Rwanda ilifunga mpaka wake na Uganda wa Gatuna kwa malori Februari 2019, Kigali na Kampala zikiwa zimegombana, ukaja kufunguliwa Januari 31, 2022. Na Julai 2025 Tanzania ilipiga marufuku wageni kufanya aina 15 za biashara ndogo, wakiwemo majirani tulio nao katika soko la pamoja tangu 2010.

Najua hofu iliyo nyuma ya maamuzi haya. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, na utangulizi wa Mkataba wa 1999 ulioiunda Jumuiya ya sasa unataja wazi kwamba mgawanyo usio sawa wa manufaa ulichangia. Anayeogopa kumezwa na viwanda vya Nairobi hajakosea. Lakini hofu hiyo ilishawahi kushughulikiwa kistaarabu: Umoja wa Forodha ulipoanza Januari 2005, bidhaa kadhaa za Kenya ziliendelea kutozwa ushuru zikiingia Tanzania na Uganda, ukipungua kila mwaka hadi ukaisha, huku zetu zikiingia kwao bure. Serikali zilikaa, zikakubaliana, zikaandika, na kila mfanyabiashara akajua mwakani atalipa nini. Huo ndio msaada ambao soko linauhitaji kutoka kwa serikali.

Ibara ya 7 ya Mkataba inasema ushirikiano wetu utawalenga wananchi na kuongozwa na soko. Sawa, lakini nani analilinda soko hilo dhidi ya waziri aliyeamka vibaya? Ibara ya 30 inampa mkazi yeyote wa nchi mwanachama haki ya kupinga uamuzi wa serikali katika Mahakama ya Afrika Mashariki, na inampa miezi miwili tu. Mama mwenye magunia 40 akija kusikia kwamba haki hiyo ipo, akatafuta wakili, mahindi yameota na muda umepita.

Ninachoomba ni hiki. Zuio lolote la bidhaa kutoka nchi mwanachama lisianze kabla ya Sekretarieti ya Jumuiya kupewa taarifa na majibu ya maabara, na mzigo ulio njiani upimwe badala ya kurudishwa. Serikali itakayozuia kinyume cha utaratibu imlipe mwenye mali. Na wabunge wetu wa Afrika Mashariki walibane Baraza la Mawaziri la Jumuiya mpaka ile miezi miwili iongezwe iwe walau mwaka.

Mfanyabiashara wa nafaka,
Namanga, Arusha